Nafasi ya Boksi Moja

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa tatu usiku, nikiwa nimekaa barazani nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, umeme umekatika na simu imebakiwa na chaji kidogo. "Kaka," aliandika kutoka Aarhus, Denmark, anakosoma, "begi langu lina nafasi ya boksi moja tu. Chagua mwenyewe, ila nijulishe kabla sijakata tiketi." Chini yake alikuwa ameweka picha mbili. Ya kwanza ilikuwa Land Rover ya kijani kilichopauka, iliyojengwa kwa vitofali vya Lego, vile vichezeo vya plastiki vya kuunganisha, imebeba mizigo juu ya keria. Ya pili ilikuwa chombo cha anga cha bluu na kijivu, chenye vioo vya njano na mabawa yaliyochongoka.

Nilimjibu kwamba angepata jibu asubuhi.

Ilinichukua wiki tano.

Kopo la maziwa

Wengi wetu tuliokulia mkoa huu miaka ya themanini tunajua tulichezea nini, kwa hiyo sitarudia habari za magari ya waya na matairi ya kandambili. Mimi nilikuwa na kitu kimoja cha ziada, nacho ni kopo la maziwa ya unga lililojaa vitofali vya plastiki. Baba alikuwa dereva wa mradi wa chanjo. Daktari mgeni aliyekuwa akimwendesha alipomaliza mkataba na kurudi kwao, mke wa daktari alimpa Baba mfuko wa vitofali ambavyo watoto wao walikuwa wameshaacha kuvichezea. Haikuwa seti. Yalikuwa mabaki: vyekundu, vyeupe, vichache vya bluu, gurudumu moja lisilo na mwenzake, na ukurasa uliochanika kutoka kwenye kijitabu cha matangazo. Katika ukurasa ule kulikuwa na chombo cha anga cha bluu, kimetua juu ya ardhi ya kijivu yenye mashimo.

Jina lake nilikuja kulijua nimeshapita miaka thelathini. Kinaitwa Galaxy Explorer, seti iliyotoka mwaka 1979 ikiwa na vipande 338 na wanaanga wanne, wawili wekundu na wawili weupe. Utotoni sikuhitaji jina. Niliubandika ukurasa ule ukutani juu ya kitanda kwa uji wa muhogo, na kwa sababu ya uji huo panya waliula mpaka ikabaki pembe moja yenye kipande cha bawa.

Vitofali ninavyo hadi leo. Vimebaki 41.

Aina mbili za kumbukumbu

Mwaka 2022, kampuni ilipotimiza miaka 90 tangu seremala Ole Kirk Christiansen aianzishe huko Billund, Denmark, mwaka 1932, Lego walikirudisha chombo kile kikiwa kikubwa zaidi, chenye vipande 1,254. Kiliwekwa katika yale maboksi yenye alama ya 18+, yaani ya watu wazima, ambayo kwa miaka michache iliyopita yamejaa vitu vya kutukumbusha tulikotoka. Nimeyatazama maboksi hayo kwenye simu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na kadiri nilivyoyatazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yamechanganya mambo mawili yasiyofanana.

Kuna seti zinazokumbuka kichezeo chenyewe. Galaxy Explorer ni mojawapo. Lion Knights' Castle, ngome ya vipande 4,514 iliyotoka mwaka huo huo, ni nyingine, na ngome ya wanajeshi katika seti za maharamia, iitwayo Eldorado Fortress, iliyotoka mwaka 1989 na kurudi upya mwaka 2023, nayo imo humo. Anayezinunua anakumbuka sakafu ya sebule ya kwao, boksi la sikukuu, na mikono yake mwenyewe ikitafuta kipande.

Kisha kuna seti zinazokumbuka vitu vya dunia. Hapo utakuta mashine ya kupiga chapa yenye vipande 2,079, ambayo ukibonyeza kitufe kijiti cha katikati huinuka na kibebeo cha karatasi husogea, au mashine ya michezo ya Nintendo ya miaka ya themanini, au treni ya Orient Express, au ile Land Rover. Hizi hazikuulizi kama ulikuwa na Lego. Zinakuuliza kama uliishi na kitu chenyewe.

Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo Lego ilikuwa dukani, pengine mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Kwangu yalikuwa mbali kabisa. Land Rover niliipanda, niliiosha, nilitapika ndani yake kwenye barabara ya Kasulu. Chombo cha anga nilikiona kwenye karatasi tu. Nilichokuwa nikijaribu kuamua usiku ule barazani ni kipi kina haki zaidi ya kuitwa utoto wangu, kile nilichoishi nacho au kile nilichokitamani.

Treni niliiondoa mapema. Orient Express ni seti nzuri ya vipande 2,540, lakini ni mabehewa ya kifahari ya Ulaya, na mtu aliyezoea treni ya Reli ya Kati, akinunua chumvi ya Uvinza na asali ya Tabora kupitia dirishani, hana kumbukumbu yoyote ndani yake. Ngome nayo niliiacha, sina ninachokikumbuka kwenye ngome.

Gari la Baba

Kwa wiki mbili za kwanza niliamini nimeshachagua Land Rover. Hoja zilikuwa wazi. Ina vipande 2,336. Usukani wake hugeuza magurudumu kweli, springi zake hucheza, winchi ya mbele huvuta kamba, na boneti hufunguka ukaiona injini. Ilitoka mwaka 2023, Land Rover ilipotimiza miaka 75 tangu gari la kwanza la mwaka 1948. Nilijiona nikiijenga taratibu kisha nikiipeleka Ujiji kwa Baba, ikakae juu ya kabati lake la vyombo.

Kilichonisumbua ni jambo dogo ambalo asiyekulia ndani ya gari lile hawezi kulijali. Seti hii ni Defender 90. Jina la Defender lilianza mwaka 1990, na tarakimu hiyo ni takriban inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, maana yake ni gari fupi. Gari la Baba lilikuwa 109 ya zamani, refu, lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana, na chini yake springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zile zilizofanya barabara ya Kibondo ihesabike jiwe kwa jiwe mgongoni. Mabenchi hayo ndiyo utoto wangu, kwa kuwa nililala juu yake, nikaamka juu yake, nikabanwa juu yake kati ya majokofu ya chanjo na magunia ya watu waliokuwa wameomba msaada wa usafiri njiani. Defender 90 ya vitofali imebeba vifaa vya safari za matembezi. Imetengenezwa kwa heshima na kwa ustadi mkubwa, nalisema hilo bila kusita, lakini ni gari la mtu aliyekwenda porini kutembea, wala si la mtu aliyekwenda kijijini kwa kazi.

Nikajiambia kwamba ninatafuta visingizio.

Halafu nikajiuliza visingizio vya nini.

Anayekusanya na anayejenga

Wakati huo mdogo wangu alileta habari nyingine iliyozidi kunichanganya. Land Rover ilipatikana dukani, boksi jipya, limefungwa. Galaxy Explorer haikuwa inatengenezwa tena, kama ilivyo kawaida ya seti hizi ambazo hutolewa kwa miaka michache tu kisha zikasimamishwa, na bei ya zilizobaki ikaanza kupanda. Mwanzo Marekani iliuzwa kwa karibu dola 100, wakati Land Rover ilitoka kwa karibu dola 240. Yeye alikuwa amempata mtu anayeuza iliyokwisha kujengwa, imekamilika, kijitabu cha maelekezo kipo, boksi halipo.

Watu wanaokusanya seti za kumbukumbu wamegawanyika hapa kuliko mahali pengine popote. Wapo wanaonunua boksi na kuliweka juu ya rafu likiwa na gundi yake ya kiwandani, kwa sababu likifunguliwa thamani hushuka. Wapo wanaojenga mara moja, wakaweka kitu ndani ya kioo, wakafuta vumbi kila mwezi. Siwalaumu, kwa maana kila mmoja anajua kwa nini anatoa fedha zake. Hata hivyo, nilipojaribu kuliweka akilini boksi lililofungwa ndani ya nyumba yangu, nilihisi dhiki ambayo sikuitarajia. Kitofali kilichofungiwa ndani ya boksi, kwangu mimi, hakijawa kitofali bado.

Ninajua sababu yake iko mikononi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Dar es Salaam seti ya bei nafuu ya kuigiza, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja, nikaichanganya na vitofali vyangu vya kopo. Havikushikana. Vingine vililegea, vingine vilibana mpaka kucha ikauma. Ndipo nilipotambua muujiza wa vile vya zamani. Tangu muundo wao ulipopewa hataza mwezi Januari 1958, wenye mirija ndani inayobana vinundu vya kitofali cha chini, kipimo hakijabadilika, na kitofali cha mwaka ule hushikana na kilichotoka kiwandani jana. Kwa hiyo chochote ambacho mdogo wangu angeleta kingeungana na vile 41 vyangu. Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba lina uzito wowote katika kuchagua.

Jumapili Ujiji

Wiki ya nne nilikwenda Ujiji kumwona Baba. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, tukakaa chini ya mwembe, nikamwonyesha zile picha. Sikumwambia kwamba ninataka aniamulie. Nilimwuliza tu kama gari lile linafanana na lake.

Aliishika simu mbali na uso, kama wanavyofanya watu wa umri wake, akaikodolea macho kwa muda.

"Hili ni fupi," alisema. "Tena lina springi za kuzunguka. Langu lisingekaa hivi."

Akapeleka kidole kwenye picha ya pili.

"Na hiki?"

Nilimkumbusha ukurasa ukutani, uji wa muhogo, panya. Alicheka kuhusu panya, lakini ukurasa hakuukumbuka. Nilijisikia kama mtu aliyeleta shahidi mahakamani na shahidi akasema hamfahamu. Kwa wiki nne nilikuwa nimejenga hoja nzima juu ya mtoto aliyelala akikitazama chombo kile, na mtu pekee aliyekuwa akiingia chumbani mwangu kila usiku kuzima koroboi hakukumbuka kuwa kulikuwa na kitu ukutani.

"Mimi nakumbuka ulikuwa unajenga meli ya Liemba," alisema. "Kila siku Liemba. Bomba lake ulikuwa unaweka kifuniko cha kalamu yangu, halafu nikifika ofisini kalamu imekauka."

Nilinyamaza.

"Tena hukuwa unaijenga ikakaa. Ulikuwa unaivunja, unavitia vipande kwenye viberiti, unapakia kwenye gari lako la waya, unavitoa sebuleni mpaka jikoni. Mama yako alikuwa anakuuliza unafanya nini, unamwambia sebuleni ni Dar es Salaam."

Nilikuwa nimelisahau jambo hilo lote, na lilirudi lote kwa pamoja: harufu ya viberiti, sakafu ya saruji, kizingiti kati ya sebule na ukumbi ambacho kilikuwa Tabora, kwa sababu gari lilikwama pale na ilibidi kushusha mizigo.

Masanduku

Wasomaji wa Kigoma wanaijua habari ya Liemba kuliko mimi, kwa hiyo nitagusa tu ile sehemu iliyomshika mtoto yule. Meli hii ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, kisha ikavunjwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafiri baharini hadi Dar es Salaam, yakapanda reli iliyokuwa ndiyo kwanza inafika Kigoma mwaka 1914, na hapa mafundi wakaiunganisha upya, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokuwa wanaondoka, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Baba ndiye aliyenisimulia, njiani, kwenye benchi la 109. Yeye alisimulia kwa sababu ya ile grisi. Dereva anajua maana ya mtu kuzamisha meli huku akifikiria siku itakayoinuliwa. Mimi nilichukua masanduku. Sikuwa nimekutana na jambo lolote la ajabu kama hilo, kwamba kitu kikubwa namna ile, chenye king'ora kilichosikika mpaka kwetu, kiliwahi kuwa vipande ndani ya behewa, na kila kipande kilijua mwenzake.

Ndivyo nilivyocheza. Si na chombo cha anga, na wala si na gari.

Nilirudi Mwanga jioni ile nimekaa karibu na dirisha la daladala bila kutazama nje. Sikuona huzuni kwamba kumbukumbu yangu ya ukurasa ilikuwa dhaifu, kwa kuwa najua ukurasa ulikuwepo. Nilichoona ni kwamba nilikuwa nimeuliza swali baya kwa mwezi mzima. Nilikuwa ninauliza ni seti ipi inafanana na utoto wangu, kama vile utoto ni picha. Mtoto wa sebuleni hakuwa akitazama. Alikuwa akivunja na kupakia.

Kuchagua kwa vipande

Usiku ule nilianza upya, safari hii nikisoma orodha za vipande badala ya kutazama picha za mbele ya boksi, na kwa mara ya kwanza seti zile mbili zilitengana wazi kabisa.

Land Rover ni kazi ya ndani. Vipande vyake vingi ni vidogo, ni vya mhimili, gia na viungo, vimefichwa ili usukani ugeuke na springi zicheze, na nje imepangwa ngozi laini isiyo na vinundu. Ukiivunja unabaki na kilima cha vitu vilivyozaliwa kuwa Land Rover. Kuna heshima katika hilo, kama ilivyo katika saa ya mkononi, lakini saa haimpi mtoto kitu cha kujengea.

Galaxy Explorer imejengwa kwa lugha ya zamani. Ina mabamba makubwa, pembe za mabawa, vitofali vya kawaida, na vinundu vilivyoachwa wazi juu. Imekuzwa mara moja na nusu kuliko ile ya 1979, na nadhani sababu yake ni nzuri sana, kwamba mikono yetu imekua na kitu kilipaswa kukua nayo. Lililonikata shauri, hata hivyo, ni kwamba inakuja na maelekezo ya kujenga kwa vipande vile vile vyombo vingine viwili vya enzi ile, seti namba 918 na 924. Kati ya seti zote za watu wazima nilizokuwa nikizifikiria, hii ndiyo iliyotoka kiwandani ikisema wazi kwamba inataka kuvunjwa.

Rafiki mmoja niliyemweleza haya aliniuliza kwa nini basi nisichukue meli moja kwa moja, maana ipo Titanic ya vipande 9,090. Ina urefu wa sentimita 135, na hakuna begi litakaloibeba bila kuacha nguo zote za mdogo wangu Ulaya. Lakini hata ingetosha nisingeitaka. Imeshakuwa meli. Hisabati ya vitofali inasema kwamba sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765, na mimi ninavyo 41 vyenye mikwaruzo ya sakafu ya saruji, ambavyo kwa miaka arobaini vimekosa mabamba ya kutosha kwa ajili ya sitaha.

Nilimwandikia mdogo wangu: "Leta cha bluu. Boksi si lazima."

Alijibu siku ya pili: "Kaka, nimekivunja chote nikakitia kwenye mifuko miwili ya plastiki katikati ya nguo. Begi limebaki na nafasi. Nikuletee nini kingine?"

Mezani

Alitua Dar es Salaam, akapanda treni. Nilikwenda kumpokea stesheni ya Kigoma, na kabla hata hatujamaliza kusalimiana alifungua begi pale pale akanipa ile mifuko. Ilikuwa mizito kuliko nilivyodhani. Kipande kimoja kilikuwa kimepasua plastiki na kutokeza nje, kioo cha njano.

Nilikijenga kwa usiku nne, kwa kufuata kijitabu ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu niliona mtoto wa ule ukurasa naye anastahili kukiona kimekamilika. Kimekamilika, na ni kizuri. Mabawa yake yana mstari ambao sikuweza kuuona kwenye karatasi, na wanaanga wanne wamekaa ndani, wawili wekundu na wawili weupe. Nilikiweka juu ya meza ya sebuleni pamoja na lile kopo.

Baba alikuja Jumapili iliyofuata. Alikizunguka mara moja, akagusa bawa, akauliza kimetumia vipande vingapi, nikamwambia. Akavuta kiti akaketi, akalimimina kopo mezani na kuanza kuvitenga vitofali kwa rangi, vyekundu huku, vyeupe kule.

"Sasa unakivunja lini?" aliuliza.

Nikamwambia bado sijajua, pengine wiki ijayo.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akachomoa kifuniko chake, akakisimamisha mezani kando ya vitofali vyekundu.